George Müller, mwizi aliyekataa deni



Katika nambari iliyopita ya gazeti letu dogo tuliahidi kuandika maisha ya mtu mmoja wa Mungu. Wenzangu wa komite walifikiri nitachagua mtume ao mfia-dini. Mimi nimechagua mtu wa hesabu, na sababu yake ni hii. Juma la kwanza la trimestri hii, mama anayetuuzia mikate ya mafuta nyuma ya uwanja alikuja na kaye yake mpaka mbele ya interna, akaanza kusoma majina. Wengi wetu tulijificha. Kati ya waliojificha walikuwamo watu wa korali, tena wawili wanaoongoza maombi ya asubuhi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa dushi. Mikate 14. Naandika wazi, kwa maana nitawaeleza mambo mabaya ya mtu mwingine, na si haki nifiche yangu.

George Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika Kroppenstedt, inchi ya Prusia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi wa serikali. Baba huyo aliwapa watoto wake feza nyingi, akitaka wajifunze kuzitunza. Kumbe walijifunza kuzila na kudanganya juu ya hesabu. Mbele ya kufikia miaka 10, George alikuwa amekwisha kuiba feza za serikali zilizowekwa nyumbani. Baba akaanza kushuku. Siku moja akahesabu kiasi fulani, akakiacha chumbani, akatoka. Mtoto akachukua na kuficha ndani ya kiatu. Baba akarudi, akahesabu tena, akampekua, akaziona. Alipigwa, lakini fimbo ilimfundisha jambo moja tu, kuiba kwa akili zaidi.

Alipokuwa na miaka 14 mama yake alikufa. Usiku ule wa kifo mtoto alikuwa anacheza karata mpaka saa nane ya usiku, asijue kwamba mama yuko katika kukata roho. Na baba alitaka awe mchungaji! Si kwa kupenda Mungu: alifikiri kwamba mchungaji ana nyumba nzuri na mshahara wa hakika, na yeye baba atapata mahali pa kukaa katika uzee. Mawazo ya namna hii hayakuisha na karne ile. Wazazi wengine wa leo wanatazama diploma ya mtoto kama shamba lao.

Mwaka 1821, akiwa na miaka 16, alienda kulala katika hoteli za gharama bila feza ya kulipa. Katika moja aliacha nguo zake kama rehani. Katika nyingine, kule Wolfenbüttel, alijaribu kutoroka, wakamkamata. Aliingia katika gereza tarehe 18 Desemba, akapita Noeli ndani, akatoka tarehe 12 Januari 1822, wakati baba alipotuma feza kulipa deni la hoteli na gharama za gereza.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni lile la masomo yake kule Nordhausen, kwa sababu linafanana sana na mambo ya interna. Baba alimtumia feza. Aliwaonyesha wenzake hizo feza, wote wakaona. Kisha akazitumia. Alikuwa na madeni, hakuwa na kitu cha kulipa. Basi akavunja yeye mwenyewe kufuli ya sanduku lake, akakimbia kwa direkta bila koti, kama mtu mwenye woga, akisema wezi wamemwibia. Wenzake wakamhurumia, wakachanga, wakampa kiasi kilekile alichosema kimepotea. Waliomdai wakakubali kungoja. Hakuna aliyejua, ila yeye. Anasema katika kitabu chake kwamba toka siku ile hakuweza tena kuwa na raha mbele ya direkta na mke wake, ambao walikuwa wamemtunza kama mtoto wao wakati wa ugonjwa.

Tena mwaka 1825, akiwa mwanafunzi wa elimu ya dini katika universite ya Halle, alifanya safari ya Uswisi pamoja na rafiki zake. Yeye njo alishika mfuko wa wote. Aligeuza hesabu hata safari ikamgharimu theluthi mbili tu ya walichotoa wengine. Mwenyewe alijilinganisha na Yuda. Na huyu ndiye aliyekuwa anajitayarisha kuhubiri.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ndogo sana. Jumamosi moja ya Novemba 1825 rafiki yake Beta alimpeleka nyumbani kwa mtu mmoja wa biashara, jina Wagner, ambapo waamini wachache walikuwa wanakusanyika jioni kusoma na kuomba. Mmoja akapiga magoti, akaomba. Müller alikuwa na miaka 20, mwanafunzi wa dini, na hakuwa amemwona hata mara moja mtu aliyepiga magoti mbele ya Mungu. Alishangaa. Aliwaza kwamba yeye ana elimu kupita mtu huyu, lakini hawezi kuomba kama yeye. Hakuna maono, hakuna sauti toka mbinguni. Alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuweza kueleza, na mbele ya siku ya mukutano mwingine kufika alikuwa amerudia nyumba ile mara nyingi.

Sasa angalieni matunda ya kwanza. Alimwambia baba kwamba anataka kuwa misionere. Baba akakasirika sana, akalia, kwa kuwa shamba lake limepotea. Müller akafikiri: kama sitakuwa vile baba anavyotaka, si haki kula feza zake. Akaamua kutopokea tena kitu kwa baba, hata kama alibaki na miaka miwili ya masomo. Mungu akamletea walimu wa Amerika waliofika Halle na kuhitaji mtu wa kuwafundisha Kijerumani, nao wakamlipa vizuri. Mtu aliyezoea kutafuta njia ya kutolipa, sasa anakataa hata feza ambayo angeweza kuipokea bila kosa mbele ya sheria.

Mwaka 1829 alienda London kujitayarisha kwa kazi kati ya Wayahudi. Aliugua, akapelekwa pwani ya kusini ya Uingereza, na kule Teignmouth kanisa dogo likamwita kuwa mchungaji. Tarehe 7 Oktoba 1830 alioa Mary Groves, mwanamke aliyekuwa na moyo mmoja naye. Ilikuwa lazima, maana mke mwingine angekimbia katika mwezi wa kwanza!

Kwa nini? Kwa sababu kijana huyu alianza kusoma Biblia kama vile askari anavyosoma amri. Siku zile makanisa ya Uingereza yalikuwa yanauzisha viti: mwenye feza analipa kiti kizuri cha mbele, maskini anakaa nyuma, na mshahara wa mchungaji unatoka katika viti hivyo. Müller akasoma Yakobo 2, pale mtume anapokataza kumpa tajiri mahali pazuri na kumsimamisha maskini. Wengine wote walikuwa wamesoma mlango ule. Yeye akaufanya. Akaondoa bei ya viti, na mshahara wake ukaondoka pamoja nazo. Wakaweka sanduku katika kanisa, anayetaka atie anachotaka, bila jina. Kisha akasoma Luka 12:33, kuuza vitu na kutoa sadaka, na yeye na mke wake wakafanya hilo pia. Wakaamua tena kutomwambia mtu yeyote wanapokuwa na haja. Na Waroma 13:8, tusidaiwe na mtu kitu isipokuwa kupendana, wakaipokea kama ilivyoandikwa: hapana deni. Si deni kubwa, si deni dogo, hata la mkate.

Wengine watasema maneno haya ya Paulo yana maana ya kiroho tu. Inawezekana mtu akafasiri vile. Lakini mimi naona kwamba wale wanaopenda zaidi fasiri ya kiroho ni sisi wenye majina katika kaye.

Mwaka 1832 alihamia mji wa Bristol pamoja na rafiki yake Henry Craik. Mwaka ule ugonjwa wa kolera uliua watu mjini, nao wakatembelea wagonjwa usiku na mchana. Mwaka 1834 walianzisha chama cha kusaidia masomo, kugawanya Biblia na kutegemeza wamisionere, na kanuni zake zikasema wazi: hawatakopa, wala hawatatafuta msaada kwa wasioamini. Mwaka 1835 walizika mtoto wao mwanamume, Elijah, mwenye umri wa mwaka mmoja tu na miezi. Miezi mitano nyuma yake Müller akasoma maisha ya August Francke, mtu wa Halle aliyejenga nyumba kubwa ya mayatima zaidi ya miaka 100 mbele. Yeye mwenyewe alikuwa amelala bure katika nyumba ile alipokuwa mwanafunzi. Akaanza kuwaza juu ya watoto wa Bristol waliozagaa njiani.

Hapa sherti nieleze mafikiri yake, maana watu wengi wanakosea. Kusaidia mayatima kulikuwa sababu ya pili. Sababu ya kwanza ilikuwa waamini wenyewe. Alikuwa anatembelea watu wa kanisa waliofanya kazi saa 14 kwa siku na zaidi, hata roho zao kukauka, kwa kuogopa kwamba wakipunguza watoto watakosa chakula. Aliona wafanya biashara waliodanganya kidogo katika bei na kusema bila hivi haiwezekani kuishi. Alitaka kuwawekea mbele ya macho kitu kinachoonekana, nyumba ya mawe yenye watoto wanaokula kila siku, na mtu maskini asiyeomba mtu na asiyekopa, ili wajue Mungu ni yule wa zamani.

Akaomba pound 1000, nyumba, na watu wa kufanya kazi. Vyote vikaanza kuja, hata sahani na mashuka. Ikafika tarehe 3 Februari 1836, siku ya kuandikisha watoto. Akakaa saa mbili akingoja. Hakuna mtoto hata mmoja! Akarudi nyumbani akijiuliza, na njiani akatambua kwamba ameomba kila kitu isipokuwa watoto wenyewe. Alidhani mayatima hawakosekani, basi si lazima kusumbua Mungu kwa jambo hilo. Jioni ile akaanguka kifudifudi. Kesho yake mtu wa kwanza akaja kuomba nafasi. Mimi nampenda mtu aliyeandika jambo kama hili katika ripoti yake, wakati angeweza kulificha. Tarehe 11 Aprili 1836 nyumba ya kwanza ikafunguliwa katika njia inayoitwa Wilson Street, kwa watoto wa kike.

Toka mwaka 1838 shida ilianza. Kwanza nyumba ilikuwa moja, sasa zilikuwa tatu, na watoto karibu 100. Mara nyingi asubuhi hapakuwa na feza ya maziwa ya jioni. Katika Septemba 1838 hali ilifika mahali ambapo wafanya kazi walianza kufikiri vitu gani vya nyumba vinaweza kuuzwa. Siku ileile mwanamke mmoja akabisha mlango. Alikuwa ametoka London na feza ambazo binti yake alimpa kwa ajili ya mayatima. Alikuwa amefika siku nne ao tano mbele, na alikuwa analala katika nyumba iliyo jirani kabisa na nyumba ya watoto wanaume! Feza ilikuwa imelala ng'ambo ya ukuta siku zote zile. Wengine wangemkasirikia. Müller alifurahi: kama ilikuwa karibu hivi na Mungu hakuitoa mbele ya saa, basi alikuwa na nia ya kuitoa toka mwanzo.

Wakati ule walikuwa wanalipa mkate na maziwa mara moja kwa juma, kama desturi. Hakuna aliyeita hilo deni. Lakini Müller akaona: Mungu anatupa feza ya siku kwa siku. Kama mwisho wa juma hatuna kitu, tumekula mkate wa mtu bila kumlipa. Basi wakaanza kulipa kila siku, papo hapo, na kama hapana feza, hapana kununua, hata kama muuzaji mwenyewe anakubali kungoja. Si kwamba mwokaji alikuwa mkali. Wauzaji walikuwa wanamwamini Müller kabisa, na hapo ndipo penye jaribu, maana aliye na jina zuri njo anaweza kukopa sana.

Lakini jambo la Desemba 1841 ndilo lililonifanya nichague mtu huyu. Kila mwaka alikuwa anafanya mukutano wa watu wote na kuchapa ripoti ya hesabu, kila pound na kila senti. Ndani yake alieleza shida zilizopita na namna zilivyopita. Watu wenye akili walisema, na hata leo wanasema, kwamba ripoti hiyo ndiyo kuomba kwenyewe, ila kwa mlango wa nyuma. Neno hili si la kudharau, na nafikiri hata yeye alilijua. Mwaka ule saa ya ripoti ilifika wakati sanduku lilikuwa tupu kupita zamani. Kila mtu mwenye busara angeharakisha mukutano. Yeye na wafanya kazi wake wakaahirisha. Walisema mtu asije akafikiri kwamba tumetangaza juu ya njaa yetu. Na msaada haukuja mara moja kama zawadi ya kutii, hapana. Shida iliendelea miezi, mpaka Aprili 1842, siku kwa siku, saa kwa saa, wakati mwingine chakula kikifika wakati meza inangoja. Watoto hawakulala njaa. Lakini wafanya kazi walitoa mpaka senti zao za mwisho mfukoni, na wengine hawakubakiwa na kitu. Tusidhani kwamba imani yake ilikuwa kukaa kitini na kungoja. Ilikula nguvu za watu wengi.

Mwaka 1845 jirani mmoja wa Wilson Street akaandika barua ya heshima kulalamika juu ya makelele ya watoto. Müller alipima neno lile, akaona majirani wana haki. Wala hakusema kwamba kazi ya Mungu ina ruhusa ya kusumbua watu. (Hapo komite ya korali inaweza kufikiri kidogo juu ya saa za mazoezi.) Akaanza kuomba mahali nje ya mji. Akaona shamba kule Ashley Down, mwenyewe akitaka pound 200 kwa eka. Müller akaenda kumtafuta mara mbili, hakumpata, akaacha. Asubuhi yake yule mwenye shamba akamwambia kwamba aliamka saa tisa ya usiku na hakuweza tena kulala, akiwaza juu ya shamba, mpaka akaamua kuliuza pound 120 kwa eka. Nyumba ya kwanza pale ilifunguliwa Juni 1849 kwa watoto 300, bila deni la hata tofali moja. Mpaka mwaka 1870 nyumba zilikuwa tano, na nafasi za watoto zaidi ya 2000.

Mary, mke wake, alikufa Februari 1870, na bwana wake mwenyewe akahubiri siku ya maziko. Baadaye alioa tena, na toka mwaka 1875, akiwa na miaka 70, alisafiri miaka 17 katika inchi 42 akihubiri. Chama chake kilituma pia msaada kwa wamisionere wa inchi nyingi. Sisi wa Congo tunaweza kukumbuka kwamba Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya kwa Mwami Msiri mwaka 1886 na kuanzisha kazi ya Injili katika Garenganze, alitoka katika ushirika huohuo wa ndugu, na alikuja kwa kanuni ileile, bila mshahara uliopangwa.

Müller alikufa asubuhi ya tarehe 10 Machi 1898, miaka 92, peke yake katika chumba chake, nyuma ya kuongoza mukutano wa maombi jioni ya jana yake. Katika maisha yake zaidi ya mayatima 10,000 walipita katika nyumba zile, na pound zaidi ya milioni moja zilipita katika mikono yake. Alipokufa walihesabu mali yake yote, pamoja na vyombo vya nyumba: haikufika pound 200. Kazi zilisimama njiani na maelfu ya watu wa Bristol walitoka kutazama mayatima wakitembea nyuma ya jeneza. Nyumba za Ashley Down ziliuzwa mwaka 1958, na watoto wakawekwa katika nyumba ndogo za namna ya jamaa.

Nimeandika haya kwa siku nne. Siku ya tatu nilienda kwa mama wa mikate. Nilikuwa na feza ya mikate 9. Alifuta 9 katika kaye yake, akanitazama, akaniuliza kama nataka mkate wa leo, nitalipa juma lijalo. Ilikuwa saa kumi na moja, harufu ya mafuta iko pale, na bukari ya mangaribi bado mbali. Nilimjibu hapana, mama, zinabaki 5.